Siku Nilipoitaja Wiski ya Mzee Yosia Msibani

Aibu nyingine mtu unaweza kuisukumia kwa mwenzako, ukasema ni njaa, au ni mke aliyekuamsha vibaya, lakini hii ni yangu mwenyewe, niliitafuta kwa mdomo wangu nikiwa nimesimama wima, nimevaa koti, sijaonja hata tone (nasisitiza, kwa sababu kule Kituntu wapo wanaoapa kwamba nilikuwa nimelewa, na kusema kweli ingekuwa afadhali). Nawasimulia ninyi kwa sababu mnanifahamu, na kwa sababu mtaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi, na chumvi haihitaji, imejaa tayari.

Mnajua duka langu la pembejeo pale Nyakahanga, si mbali na hospitali, nauza mbegu, majembe, mabomba ya kupulizia na dawa za kahawa. Mimi ni mtu wa Muleba, nilikuja Karagwe kijana kufuata biashara na sikurudi tena, na kwa kuwa ni Mkatoliki wa kawaida tu, wa kwenda misa Jumapili na kusinzia kidogo wakati wa mahubiri, sijawahi kuona glasi moja ya jioni kama jambo la kumficha mtu. Wiski nilijifunzia Murongo, mpakani, ninakofuata bidhaa. Rafiki yangu mmoja wa kule, wakala wa kutoa mizigo forodhani, alinimiminia kidogo siku tuliyokuwa tukisubiri lori, akaniuliza nasikia nini mdomoni, nikamwambia nasikia pombe, akasema rudia, usimeze haraka. Nikarudia. Nikasikia asali, kwa mbali sana, kama ile inayobaki kwenye chombo baada ya kuoshwa. Ilikuwa wiski ya Kiayalandi, na tangu siku hiyo ndiyo ninayonunua (na ushuru wake umelipwa, kabla hamjauliza).

Sasa Mzee Yosia. Alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi uache ulichokuwa unafanya ili umsikie, na alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kule kwao Kituntu. Kila Alhamisi alikuja hospitali kuwaombea wagonjwa, wodi kwa wodi, hata wale asiowajua, na akimaliza alipita dukani kwangu kupumzika kabla ya kupanda pikipiki kurudi nyumbani. Tulianza kwa kuongea mambo ya kahawa, ugonjwa wa majani, bei, watoto. Alhamisi moja alinikuta nyuma ya duka nimejimiminia, akauliza hiyo ni nini, nikamwambia, akauliza ina ladha gani, nikampa aonje. Alionja kama mtu anayepima udongo. Akasema ni nzuri, nyororo, lakini haina habari yoyote.

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyoonyesha. Safari iliyofuata ya Murongo nikamwambia rafiki yangu anitafutie kitu chenye habari, akacheka, akanipa chupa ya Kiskoti, ile ya visiwani kwao ambayo shayiri yake hukaushwa kwa moshi. Niliifungua mbele ya Mzee Yosia, nikaonja kwanza mimi mwenye duka, na niliitema. Ndugu zangu, kile kitu kina moshi, na nyuma ya moshi kuna dawa ya vidonda, na nyuma ya dawa kuna bendeji. Nikamwambia samahani mzee, nadhani imeharibika. Yeye alikuwa amekwisha kuweka glasi mdomoni na amefumba macho. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi, halafu akasema kwa ile sauti yake, "Hii imelala kwa bibi yangu."

Akanieleza kwamba utotoni alilala nyumbani kwa bibi yake, na juu ya jiko palikuwa na uchaga ambao juu yake ndizi za kutengenezea rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ziliwekwa ziive kwa moshi, kwa hiyo nguo zake, blanketi lake, hata uji wa asubuhi, vyote vilinukia moshi na ndizi inayoiva. Bibi alifariki, nyumba ikabomolewa, uchaga ukawa kuni, na yeye hakuwahi kukutana tena na harufu ile mpaka siku hiyo, ndani ya chupa iliyotoka kwa watu ambao hawajawahi kuona mgomba.

Basi hivyo ndivyo tulivyogawana. Chupa yangu ya Kiayalandi na yake ya Kiskoti zilikaa rafu ya nyuma, jirani na mabomba ya kupulizia, na kwa miaka mingi kila Alhamisi tulibishana. Mimi nilisema kinywaji kazi yake ni kumpumzisha mtu, kiteremke bila kugombana na koo. Yeye alisema kisichogombana na wewe utakisahau. Glasi moja tu, tena ile ndogo ya chai, haifiki hata nusu. Akimaliza alisukutua maji, akatafuna kahawa zetu hizi zilizokaushwa, kidogo kidogo, kwa utaratibu, ndipo akaaga. Mimi nilidhani ni ustaarabu. Niliwahi hata kuuiga. Na siku moja aliposema nyumbani hawaipendi harufu hii, nilielewa (ona kichwa changu) kwamba nyumbani wanaifahamu na hawaipendi, kama vile mke wangu asivyopenda harufu ya dawa za kahawa kwenye mashati yangu.

Alifariki ghafla, presha. Wiki hiyo sikupita kule nyuma ya duka.

Siku ya maziko Kituntu palijaa. Turubai hazikutosha, watu wengine walisimama migombani, walikuja wa Bukoba, wa Muleba, wakulima wote aliowahi kuwafundisha kupogoa kahawa, kwaya, wachungaji, wazee wa kanisa wenzake wameketi mstari wa mbele kwa sababu wao ndio waliopangwa kulibeba jeneza mpaka kaburini. Familia iliniomba nitoe salamu za marafiki. Mwongozaji wa ratiba alinisihi niwe mfupi, nikamwahidi, na mpango wangu ulikuwa kutoa pole, kushukuru, kukaa.

Lakini waliotangulia walizungumza sana. Mmoja alisema marehemu alikuwa mcha Mungu na mpole. Wa pili akasema alikuwa mpole na mcha Mungu. Kila mmoja alisema kweli, ila nilivyozidi kusikiliza nikaona simpati rafiki yangu katika maneno yao, nikaona wanamzika mtu mmoja wa kwenye picha, na kwamba nikikaa kimya yule aliyefumba macho akamkumbuka bibi yake ataondoka bila hata mtu mmoja kumtaja. Nikaamua niongeze jambo moja dogo. Hilo ndilo kosa lote, mengine yaliyofuata ni mteremko tu.

Nikashika kipaza sauti, nikatoa pole, nikashukuru, halafu nikasema, "Ndugu zangu, ninyi mnamfahamu Mzee Yosia wa Jumapili. Naomba niwape Mzee Yosia wa Alhamisi."

Watu walitabasamu. Nikapata moyo. Nikawaambia kwamba sisi wawili tulikuwa na ubishi mmoja ambao haukuisha, mimi mtu wa wiski ya Kiayalandi, yeye mtu wa Kiskoti.

Kukawa kimya. Mtu mwenye akili angeusikia ukimya ule akakaa. Mimi nikadhani hawajaelewa, kwamba pengine wengi hawajui tofauti ya hizo mbili, kwa hiyo nikaanza kuwaeleza (mbele ya jeneza, jamani, na mchungaji ameshika Biblia), nikawaeleza kwamba zote ni za nafaka, ila hii ya kwangu ni laini, na ile ya marehemu ina moshi, na kwamba marehemu alikuwa na ulimi wa ajabu, angeweza kukwambia glasi imeoshwa kwa sabuni gani. Hapo nikamwona mchungaji ameinamisha kichwa, na wazee wa kanisa wamegeuka wakatazamana, na ndipo ubongo wangu ulipofika mahali ambapo mdomo ulikuwa umeshapita zamani. Nikataka kurekebisha. Nikasema alikunywa kidogo mno, glasi ya chai, tena haifiki nusu. Nikaona haijatosha. Nikasema hakuwahi kulewa hata siku moja. Bado. Nikasema, na hili ndilo lililomaliza kila kitu, kwamba ilikuwa Alhamisi tu, akitoka kuwaombea wagonjwa.

Manung'uniko yaliyopita chini ya turubai yale siwezi kuyaeleza. Kumbe Alhamisi zake zilisifiwa mpaka kanisani, zilitolewa mfano kwenye mahubiri. Mwongozaji akamfanyia ishara mwalimu wa kwaya, kwaya ikaanza kuimba haraka, kila sauti na ufunguo wake, na mimi nimesimama palepale nimesahau kwamba bado nimeshika kipaza sauti, nikijisemea moyoni, "Deo, umefanya nini, Deo," isipokuwa haikuwa moyoni, ilitoka kwenye spika zote mpaka migombani.

Nilirudi kwenye kiti changu. Waliokuwa jirani yangu waliona ghafla kwamba kuna kivuli kizuri upande mwingine.

Lakini hiyo ilikuwa aibu yangu, na aibu ya mtu mmoja inabebeka. Kilichonitisha ni kilichofuata. Wakati wa kwenda kaburini ulifika, wimbo ukaisha, wazee wa kanisa wakaombwa wasogee kulichukua jeneza, na hawakusimama. Walikaa tu, mmoja anamtazama mwenzake, kila mmoja anamngoja mwingine aanze. Mjane alikuwa ameketi upande wa kina mama, kichwa kimefunikwa khanga, sikuweza kuuona uso wake. Nilitaka ardhi inimeze, kisha nikakumbuka kwamba kaburi lililo wazi pale tayari lina mwenyewe.

Mchungaji alifunga Biblia yake, akampa mtu aishike, akaenda akashika mpini mmoja wa jeneza. Akasema, si kwa sauti kubwa, "Tumekuja kumzika ndugu yetu. Nani ananisaidia?"

Wakasimama. Mmoja, halafu wote. Mungu ambariki mchungaji yule, kwa sababu kama angechelewa kidogo tu sijui ningeishi vipi. Tulizika. Nikitoka, kaka yake marehemu, mzee wa Bukoba mwenye fimbo, alinishika bega nikadhani ananifariji, kumbe alitaka kuniambia kwamba mimi nimemzika mdogo wake kabla ya wao. Nikaenda kutafuta pikipiki. 

Nyumbani mke wangu Adela alikuwa amekwisha kupigiwa simu na watu wa Kituntu kabla pikipiki haijanifikisha. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nimemuuliza Mama Koku, yule mjane, kabla ya kusema niliyoyasema. Nikamwambia hapana, nilidhani anajua. Akasema, ulidhani, akaenda jikoni. Siku zilizofuata duka lilikuwa na wateja wengi kuliko kawaida, ila hawakununua kitu, walikuja kunitazama, na madereva wa bodaboda wa pale kona wakaanza kusalimiana kwa kuulizana habari za Alhamisi. Nilifikiria kuhamia Muleba. Nilifikiria kwa dhati.

Siku ya kuondoa matanga nilikusudia kuumwa. Adela akanichagulia shati, akaniambia kama nimeweza kusema mbele ya watu wote wale basi nitaweza kukaa kimya mbele ya wachache. Nikaenda. Nikakaa mwisho kabisa, karibu na banda la mbuzi, nikala nilichopewa bila kuinua macho, na nilipokuwa nahesabu kwamba sasa naweza kuondoka bila kuonekana, binti mkubwa wa marehemu, Koku mwenyewe, akaja akaniamkia shikamoo na kuniambia mama ananiita ndani.

Nilijiandalia maneno ya kuomba radhi tangu pale bandani mpaka mlangoni na nilipoingia yote yakapotea. Mama Koku alikuwa ameketi kwenye mkeka sebuleni, mwembamba kuliko nilivyomjua. Akanionyesha kiti. Koku akabaki karibu na mlango. Nikaanza kusema nisamehe shemeji, akainua mkono nikanyamaza.

"Shemeji," akasema, "hiyo wiski yake inanukaje?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikamwambia ukweli, kwamba inanuka moshi, moshi wa kuni, na ndani yake kuna kitu kama dawa ya hospitali, dawa ya vidonda. Akaniuliza tena, nikarudia. Akaweka kiganja mdomoni, na mimi nikawa natazama mkeka, kwa sababu nilijua nimeongeza baya jingine juu ya lile la kwanza.

Alipoongea, aliongea polepole, kama anayehesabu mishono ya nguo anayoifumua. Akaniambia kwamba kwa miaka yote hiyo mumewe alirudi Alhamisi akinuka moshi wa kuni, wakati wao nyumbani wanapikia gesi na mkaa, na chini ya moshi kulikuwa na harufu ya hospitali. Pombe anaijua, rubisi anaijua, gongo anaijua, haikuwa hizo. Harufu ya hospitali aliielewa, anatoka kuwaona wagonjwa. Lakini huo moshi ni wa jiko la nani?

"Nikajua ni nesi," akasema. "Nikajua ana nesi Nyakahanga anayempikia."

Koku mlangoni akasema mama, kwa mshangao, kwa sababu naye alikuwa halijui hilo. Mama Koku akaendelea bila kumtazama. Alisema alishaacha kwenda kliniki pale kwa ajili ya presha yake mwenyewe, akawa anasafiri mbali zaidi, kwa sababu kila nesi alipomfunga mkanda wa kipimo, yeye Mama Koku alimwangalia usoni akijiuliza kama ndiye huyu. Alimchagua mmoja mnene, mwenye sauti nzuri. Akamchukia. Aliwahi hata kumwombea mabaya, yule dada wa watu asiyejua lolote, na baadaye akatubu, na wiki iliyofuata akamwombea tena. Akasema wakati mwingine alilala akiwaza, huyu nesi gani na mshahara wake hana hata jiko la gesi.

Hapo akacheka. Alicheka kweli, mabega yakatikisika, na katikati kicheko kikageuka kilio, na Koku akaja akaketi naye mkekani akamshika. Mimi nikasimama nikitaka kuwaacha, akaniashiria nikae.

Akaniuliza kama chupa ile bado ipo. Nikamwambia ile ya mwisho ipo, imebaki robo. Akasema nimletee.

Nilimpelekea wiki iliyofuata, mchana, nimeifunga kwenye mfuko wa mbegu ili watu wa bodaboda wasipate neno jipya. Hakutaka glasi. Aliifungua akaisogeza puani, akafumba macho, na nawaambieni nilitazama pembeni kwa sababu kile alichokuwa anakutana nacho hakikunihusu. Mimi ile harufu huniletea bendeji. Mzee Yosia ilimletea bibi yake. Na mama yule sasa ilikuwa inamletea mume wake anayeingia mlangoni jioni na kuvua viatu. Nilikuwa nimebishana miaka mingi juu ya ipi bora, kwa maneno mengi, na sikuwahi kufikiria jambo hilo hata kidogo.

Akaifunga. Akauliza, bila hasira, "Alifikiri ningefanya nini, shemeji? Kama angeniambia?"

 Nilitaka kusema ni kanisa, ni wazee wenzake, ni cheo, alikuwa anakuheshimu. Vyote vingekuwa na ukweli ndani yake, na hakuna kilichotosha, kwa sababu alikaa na mimi muuza dawa za kahawa akanieleza habari za bibi yake, na huyu aliyelala naye kitanda kimoja hakuwahi kuzisikia. Nikamwambia sijui. Ndipo nikamsimulia habari za uchaga, na ndizi, na blanketi, kama nilivyosimuliwa, na alisikiliza mpaka mwisho, mara mbili akiniomba nirudie kidogo.

Aliponisindikiza mpaka barabarani nilijaribu tena kuomba radhi kwa ile siku ya maziko. Akasema kwamba kilichonipata siku ile nilistahili, kwamba mambo ya mtu na mke wake hayatangazwi kwenye spika, na kwamba wanawe bado wana uchungu na mimi na yeye hatawalazimisha. Nikaitikia. Kisha akasema, "Hili moja nimekusamehe. Usimfanyie mtu mwingine."

Sijafanya. Niliombwa tena mwezi uliopita, msiba wa mkulima mmoja wa huku Nyakahanga niliyemfahamu vizuri sana, mwenye vituko ambavyo vingewachekesha wafiwa mpaka wasahau kulia. Nilisimama, nikasema alikuwa mpole na mcha Mungu, nikakaa.